Kuku Wawili Waliopelekwa Sydenham

Mugambi alitamani kufuga kuku tangu siku ya kwanza alipoliona lile ua la nyuma. Nyumba ilikuwa ya kupanga, huko Westville, mtaa wa jiji la bandari kusini mwa Afrika, wenye miti mikubwa na mageti yanayojifungua yenyewe, ambako mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kujua jina la jirani yake. Mkewe Kagendo alikagua jiko na bafu. Yeye alisimama nje chini ya mparachichi akipima kwa macho mahali pa kuweka banda, jua la asubuhi liingie na mvua ya kusini ipige mgongo wa banda, si mlango. Alikulia Chogoria, na asubuhi zote za utoto wake zilianza kwa kutumwa mayai.

Sasa alikuwa mhadhiri wa takwimu katika chuo kikuu. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa katika ibada ya Kiswahili, iliyofanyika kwenye ukumbi wa kukodi huko Sydenham, Wakenya wakiimba upande mmoja na Wakongomani wakicheza upande mwingine. Yeye ndiye aliyesoma matangazo na kufunga kwa maombi. Watu walimjua kuwa ni mtu wa kutimiza ahadi, naye alipenda kujulikana hivyo, labda kupita kiasi.

Banda alijengewa na Pascal, rafiki yake wa kanisani. Pascal alikuwa akitengeneza simu mjini, lakini kwao Bukavu alikuwa seremala, na mikono yake haikusahau. Alikuja Jumamosi na mbao za mapaleti, akaliinua banda juu ya miguu minne ili maji yasisimame chini yake, akaweka fito za kulalia na masanduku ya kutagia, kisha akaanza kufunika hata juu kwa wavu wa waya.

"Juu pia?" Mugambi aliuliza. "Huku sijaona mwewe."

"Prof, mimi siogope mwewe. Naogopa wale." Pascal alinyoosha nyundo kuelekea ukutani, ambako tumbili watatu walikuwa wamekaa wakimtazama kama wasimamizi wa mradi. "Hii tumbili ya Westville iko na diplome. Ukimuachia tundu ya mkono tu, kesho anakula omelette mbele ya macho yako."

Walicheka. Jioni Mugambi alipotaka kumlipa, Pascal alikataa.

"Wacha. Siku kuku yako itakuwa mingi, utanipa mbili. Mama Prodige atafurahi."

Mama Prodige ni Immaculée, mke wa Pascal. Alikuwa amesuka nywele za watu katika saluni kwa miaka mingi, akisimama kutwa nzima, hadi miguu ikamvimba na daktari akamwambia aache. Alikaa nyumbani muda mrefu akiona aibu ya kutokuwa na kazi. Kisha akaanza kufuga kuku nyuma ya nyumba yao Sydenham, kidogo kidogo, na kuuza mayai kwa wanawake wale wale wa saluni. Kuku walimrudishia kazi bila kumsimamisha. Akiwazungumzia, alitaja kila mmoja kwa jina.

Mugambi aliahidi kuku wawili, wakapeana mikono.

Vifaranga wake walikua vizuri. Aliwawashia taa ya joto, akabadilisha maranda ya mbao kila yalipolowa, na chanjo ya kwanza ya matone ya jicho akaitoa mwenyewe huku Kagendo akiwashika mmoja mmoja. Chanjo ya pili aliinunua akaiweka kwenye mlango wa friji, kando ya maziwa. Ilikaa hapo. Jumamosi moja kulikuwa na harusi, iliyofuata kulikuwa na mitihani ya kusahihisha.

"Hiyo chupa unangoja iote mizizi?" Kagendo alimuuliza.

"Jumamosi hii."

Jumamosi hiyo ilipita pia. Halafu asubuhi moja alikuta tetea amesimama peke yake, manyoya yamefura, kinyesi chake cha kijani. Siku iliyofuata shingo yake ilikuwa imepinda ikitazama juu, na mwingine alikuwa amelala pembeni akihema mdomo wazi. Mugambi hakuhitaji kuambiwa. Kilikuwa kideri. Kiliwahi kuingia nyumbani kwao Chogoria akiwa mdogo, na alikumbuka jinsi majirani, watu wazima wenye heshima zao, walivyowafunga kuku miguu na kuwawahisha sokoni kabla habari haijafika huko. Mama yake alikataa. Alichimba shimo nyuma ya zizi, akawazika wote, hata waliokuwa bado wanadonoa, akalia huku akifukia.

Alimpigia simu daktari wa mifugo. Akaambiwa hivyo hivyo: azike kina kirefu, amwage chokaa, na kuku yeyote asitoke nje ya ua huo, hata anayeonekana mzima, maana ugonjwa huanza kusafiri kabla haujaonekana.

"Zika wote," Kagendo alisema. "Usiwahurumie." Akaondoka kwenda kazini hospitalini.

Mugambi alizika waliokufa na wagonjwa. Wakabaki matetea wawili wa madoadoa, wazuri kuliko wote, manyoya yanang'aa. Alisimama akiwatazama, jembe mkononi. Akiwazika, ahadi yake kwa Pascal ingezikwa nao, na angelazimika kueleza kwamba kuku walikufa kwa sababu ya chupa iliyosahauliwa kwenye friji. Akiwapeleka leo, ahadi itakuwa imetimia. Na madhara yako wapi? Kideri hakimdhuru mlaji. Kwao, kuku wa zawadi huingia chunguni siku hiyo hiyo. Wageni wakiondoka, manyoya tu ndiyo yanabaki. Watu watakula nyama nzuri, na ugonjwa utaishia motoni. Alizipanga hoja hizo garini tangu getini kwake hadi robot ya mwisho, taa za barabarani kama waziitavyo huko, kabla ya Sydenham, na zikapangika vizuri sana. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha vijana wasikubali jibu kwa sababu tu wanalitaka.

Mlango ulifunguliwa na Gracieuse, mpangaji wa chumba cha nyuma, msichana mtaratibu kutoka Uvira aliyefanya kazi mjini kwenye kibanda cha kuku hai, akichinja na kunyonyoa. Nyuma yake alitokea Immaculée, akikokota ndala.

"Prof, wewe mwenyewe? Ingia, chai iko."

"Siwezi kukaa, shemeji. Nimeleta ahadi ya Pascal."

Immaculée aliwapokea, akawapima uzito kwa mkono, uso ukachangamka. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi wa Mugambi: wachinjeni leo. Maneno mawili tu. Lakini akiyasema ataulizwa kwa nini. Akayameza. Aliaga akiwa bado kwenye ngazi, akarudi garini bila kuingia ndani, jambo ambalo kwa watu wanaoheshimiana ni utovu wa adabu.

Nyumbani Kagendo alimuuliza kama amemaliza.

"Nimewazika wote," alisema, kisha akaenda kunawa mikono, akainawa muda mrefu.

Juma lililofuata Pascal alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Prof, kwetu iko matanga. Kuku zinalala shingo. Asubuhi tunaokota, mangaribi tunaokota. Mama Prodige hali chakula."

Mugambi alikaa kwenye kiti. "Na wale wawili niliowaleta," aliuliza, "mliwala?"

"Kula?" Pascal karibu acheke. "Kuku ya rafiki haichinjwe, Prof. Kwao na Immaculée ni hivyo, mama yake alimufundisha. Kuku ya zawadi unaweka katikati ya zingine, itage, ilalie, mpaka urafiki ukuwe na watoto. Lakini masikini, zako ndizo za kwanza kufa. Zimekuta ugonjwa kwetu. Tulikuwa tunaona haya kukuambia. Utusamehe."

Mugambi alisikia mwenyewe akisema, "Hakuna shida."

"Immaculée anasema ni Gracieuse. Anatoka na viatu vya kule sokoni, damu na manyoya, halafu anapita kando ya banda kwenda kwa chumba chake. Wewe umesoma. Inawezekana?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema kila kitu kwa pumzi moja, na jambo lote lingekuwa kosa la mtu mzembe aliyekiri mapema. Badala yake alijibu kama mhadhiri.

"Inawezekana," alisema.

Na kweli inawezekana. Viatu hubeba kideri. Kwa hiyo hakuwa amesema uongo, na hilo alijiambia mara nyingi siku zile, akiendesha gari, akisahihisha mitihani, akiwa amelala kando ya mkewe. Halikumsaidia. Jumapili alimkuta Immaculée amekaa mbele ukumbini, na Gracieuse, ambaye siku zote walikaa pamoja wakichangia kitabu kimoja cha nyimbo, amekaa nyuma karibu na mlango. Mtu mmoja alimwambia Mugambi walipokuwa wakipanga viti, "Yule msichana ameua kuku wote wa Mama Prodige kwa uchafu. Hata wewe umethibitisha, sivyo?" Mugambi aliinua kiti kingine, akakipeleka mbali.

Aliamua kulipa bila kusema. Aliona ni njia ya mtu mwenye busara. Alikwenda Sydenham na gunia la chokaa, akakunja mikono ya shati, akasugua banda la Immaculée kwa mikono yake, akaunguza maranda ya zamani, akasisitiza liachwe tupu juani kwa majuma kadhaa. Halafu akawaletea mitetea wachanga waliochanjwa chanjo zote. Pascal alimshika mabega. Immaculée alilia. Siku ile Mugambi alirudi Westville akiwa mwepesi, akala vizuri, akalala.

Hakujua kwamba jioni ile ile, baada ya gari lake kuondoka, Immaculée alikwenda kugonga chumba cha nyuma. Alimwambia Gracieuse kwamba hawezi kuwaweka kuku hawa wapya hatarini, kwa hiyo atafute mahali pengine kabla mwezi haujaisha.

Mugambi alilijua hilo Jumapili, kwenye ushuhuda. Immaculée alisimama, akashika kitambaa chake kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe. Mimi nilipoteza kazi yangu mara mbili. Mara ya kwanza ni miguu, mara ya pili ni kuku. Lakini Mungu alimutuma mtu. Sitamutaja, yeye hapendi." Watu wakageuka kumtazama Mugambi, wakapiga makofi. "Alikuja na chokaa, akasafisha kinyesi ya kuku yangu, mutu mukubwa kama yule. Iko watu wanaleta uchafu kwa nyumba ya mwenzao, na iko watu wanakuja kuusafisha. Mungu aone wote."

Hakutaja jina la Gracieuse pia. Haikuhitajika. Shingo ziligeuka mara ya pili, safari hii kuelekea mlangoni, na Gracieuse akainamisha macho kwenye magoti yake. Mama mmoja mbele ya Mugambi alimnong'oneza mwenzake, "Anahamishwa mwisho wa mwezi, nasikia. Afadhali."

Mugambi aliitwa kufunga kwa maombi. Alisimama. Alikuwa na ukumbi mzima umefumba macho, na nafasi nyingine ya kusema, na safari hii hakuna aliyekuwa akimtazama. Akaomba. Aliomba vizuri kama kawaida yake, akaombea umoja, akaombea waliopoteza mali, akaombea wageni barabarani. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Alipofumbua macho, mtu mmoja tu alikuwa akimtazama, na alikuwa Kagendo.

Kagendo alingoja hadi gari lilipoingia Westville.

"Kuku wa Pascal," Kagendo alisema. "Uliwapeleka lini?"

Mugambi alipunguza mwendo, macho barabarani.

"Uliniambia umewazika wote. Sasa nasikia zako ndizo zilikufa kwanza kule Sydenham. Leo kabla ya ibada Mama Prodige ameniomba msamaha mimi, Mugambi. Amenishika mkono akaniomba msamaha kwa kuku waliomwangamiza."

"Nilidhani watawachinja. Kwetu…"

"Kwetu hata mbwa hapewi kuku wa kideri." Geti lilijifungua. "Na yule msichana anaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi ni kesho." Alifungua mkanda. "Mimi siendi kukusindikiza. Ulikwenda peke yako na wale kuku, nenda peke yako sasa."

Kesho yake alikwenda moja kwa moja kutoka chuoni, akiwa bado na kitambulisho shingoni. Alimkuta Pascal kando ya banda akirekebisha bawaba ya mlango, na Immaculée amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiwatupia kuku wapya majani ya kabeji. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, na ndani Gracieuse alikuwa akifunga godoro kwa kamba.

Mugambi alisema akiwa amesimama. Alianza na chupa kwenye friji, akaja kwa waliokufa Westville, kwa shimo, kwa daktari aliyemkataza, hadi kwa wale wawili. Hakusema alidhani watawachinja, mpaka Pascal alipomuuliza.

"Ulijua ziko na ugonjwa?"

"Nilijua huenda wanao. Nilidhani mtawala siku ile."

Pascal aliweka bisibisi juu ya banda, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Mimi nilikujengea nyumba ya kuku," alisema. "Nikakataa pesa yako. Nikakuomba na msamaha juu ya simu. Wewe ukaitika."

"Niliitika."

"Na nilikuuliza kama ni Gracieuse."

"Uliniuliza."

Immaculée hakuwa amemtazama bado. Aliendelea kuchana kabeji. "Ungesema tu 'chinjeni leo,'" alisema hatimaye. "Ningekuuliza kwa nini, ungenidanganya hata, ningechinja. Kuku zangu zingekuwa hai." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Hizi mpya sizirudishe. Ulikuwa unalipa, basi umelipa. Lakini ile makofi ya kanisa nilikupigisha mimi, na yenyewe nataka irudi." Kisha akapaza sauti bila kugeuka. "Gracieuse. Kuja hapa. Prof iko na neno."

Akalirudia lote mbele ya Gracieuse. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na uso mbele yake. Msichana alisikiliza amesimama mlangoni, kamba ya godoro bado mkononi.

"Mimi nilikuwa navua viatu pale getini," alisema alipomaliza. "Kila siku. Naingia miguu mitupu, naviosha kwa bomba. Nilimwambia Mama Prodige. Hakuna aliyesikia, kwa sababu Prof alisema inawezekana."

Immaculée aliinuka kwenye ndoo kwa shida. "Rudisha godoro ndani, mtoto wangu. Mimi nimekosa."

"Hapana, maman." Alisema kwa upole kabisa. "Nimekwisha pata chumba kule Bluff, kwa Peguy. Hata nikibaki, siku kuku moja ikikohoa, mutanitazama viatu."

Pascal aligeuka akajishughulisha na bawaba. Mugambi aliuliza kama anaweza kumpeleka na mizigo yake. Gracieuse alifikiri, akamtazama kama anavyomtazama mteja anayebisha bei, kisha akakubali kwa kuwa teksi haziingizi godoro.

Wakaliingiza kwa taabu, nusu likitokeza dirishani. Meli zilianza kuonekana bandarini, na barabara ya kupanda Bluff ilikuwa na msongamano.

"Nimesema samahani," Mugambi alisema, "na najua haitoshi."

"Haitoshi," alikubali. "Prof, mimi nilitajwa kwa kanisa. Si jina, lakini nilitajwa. Wewe umesema kwa banda ya kuku, mbele ya watu watatu."

"Unataka niseme Jumapili."

"Mimi sitaki kitu. Sitakuwa huko, nitatafuta kanisa ya huku." Alishika vizuri godoro lisiteleze. "Lakini iko watu mia wanajua mimi ni mchafu, na wewe ndio unasoma matangazo."

Alimshusha, akambebea godoro hadi ghorofani. Peguy, dada mnene mwenye sauti, alimshukuru sana, akamwita baba mwema. Gracieuse hakumsahihisha. Alisubiri kuona kama Mugambi atajisahihisha mwenyewe.

"Mimi si mwema," Mugambi alisema. "Mimi ndiye niliyesababisha ahame." Peguy aliangalia mmoja hadi mwingine, akaingia kuweka maji ya chai motoni, na chai hiyo Mugambi hakualikwa kunywa.

Jumapili alisoma matangazo yote kwanza: mazoezi ya kwaya, mgonjwa wa kutembelewa, zamu ya kupanga viti. Kisha akakunja karatasi. Kagendo alikuwa safu ya tatu, mikono mapajani. Immaculée hakuwa akitikisa kichwa wala kutabasamu. Alikuwa akingoja kitu chake. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

"Kuna tangazo moja zaidi," Mugambi alisema. "Linahusu kuku wa Mama Prodige, na linamhusu dada yetu Gracieuse, ambaye hakufanya kosa lolote."

Aliona nyuso zikimgeukia kwa upendo, kama zilivyozoea, zikitegemea kusikia jambo jema. Akaendelea kusema mpaka zikaacha.